Ushanga Haushukuriwi

Siku Suzana alipomwita mama yake mwizi, Lidwina alikuwa barazani kwenye cherehani, anapunguza kiuno cha suruali ya mtumba. Kazi yenyewe ilikuwa inamkera tangu asubuhi. Zamani watu walileta vitambaa wakapimwa, wakashonewa magauni ya Krismasi na ya Pasaka. Halafu zikaja hizi zama za ruksa, kila mtu auze atakacho, marobota ya mitumba yakamwagwa sokoni, na fundi mzima akabaki kupunguza suruali za Wazungu wanene ili ziwaenee Wangoni wembamba. Kwa hiyo hasira ilikuwa jikoni tayari, inachemka. Ilikosa mtu wa kuipakua tu.

Mpakuaji akaja. Alikuwa Walburga, jirani wa nyumba ya pili, anakimbia huku kanga imemvuka begani.

"Lidwina! Acha hiyo cherehani! Mama yako kakamatwa kule gesti kwa Suzana. Wanasema kaiba."

"Kaiba nini?"

Walburga aliangalia chini. "Ushanga."

Asiye wa mtaa ule hawezi kujua jinsi neno hilo lilivyokuwa tusi, basi na aelezwe. Ushanga huu si wa kiunoni. Ni ua la kutambaa, lenye vijani vinene vidogo vilivyojipanga kwenye shina kama shanga kwenye uzi. Unaupanda kwenye kopo, unaliweka ukingoni mwa baraza, nao unashuka wenyewe mpaka chini. Kivulini unabaki kijani tu, hauna furaha. Lakini ukipigwa na jua, na hasa ukikutana na baridi ya Songea ya mwezi wa sita, vijani vinapata ukingo mweupe na ncha nyekundu, na shina lenyewe linageuka zambarau. Mbolea nyingi hautaki. Maji mengi ndiyo kifo chake. Unakata kipande cha urefu wa kidole, unakiacha kivulini mpaka kidonda kikauke, unakichomeka kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na majivu, halafu unakisahau.

Na hauombwi. Wanawake wa mtaa ule waliikuta sheria hiyo kwa mama zao na hawakuwahi kuigusa: ushanga ulioombwa haushiki, na ulioshukuriwa unaoza. Ukiutamani kwa jirani unapita kimya kimya, unakata kwa ukucha, unafunga pindoni mwa kanga, unakwenda zako. Mwenye nyumba akikuona anageuka, anajifanya anatafuta kuni. Mkikutana uso kwa uso mnaulizana habari za watoto, kipande kikiwa pindoni, na yeye anajua na wewe unajua. Siku wake ukifa, naye atapita kwako, na wewe utageuka. Hivyo ndivyo ushanga mmoja ulivyoenea mtaa mzima, na huo mmoja ulikuwa wa Bibi Kunegunda, mama yake Lidwina. Aliuchuma wakati wa usichana wake, alipokuwa akifua nguo za masista misheni, akautembeza hadi mjini pindoni mwa kanga.

Mwaka ule masika yalipitiliza. Paa la Lidwina halina mfereji, maji yakadondokea moja kwa moja kwenye makopo ya mama yake, na ushanga wote ukaoza hata kabla hawajagutuka. Bibi Kunegunda hakusikitika. "Ushanga ukikufia, unao kwa jirani," alisema, akasubiri mvua zikatike.

Zilipokatika, siku moja akitoka misa, akaanzia kwa jirani wa kwanza kutoka kanisani. Bahati mbaya jirani huyo alikuwa Suzana.

Suzana alizaliwa mtaa ule ule. Alibatizwa mwaka mmoja na Lidwina, wakacheza rede pamoja wakiwa na miguu yenye funza. Baadaye mumewe akapata lori, lori likazaa lori, na pembeni mwa barabara likasimama jengo la rangi ya bluu lililoandikwa KARIBU NYUMBANI. Kuanzia getini hadi mlangoni Suzana alipanga vyungu vya saruji vilivyopakwa chokaa, na kila chungu kilimwaga ushanga mpaka chini. Ulipendeza, asiseme mtu uongo. Wageni walipiga picha pale.

Lidwina alipofika alimkuta mama yake amesimamishwa getini, mkono mmoja umeinuliwa, kipande cha ushanga kikionekana kati ya vidole. Fundo la kanga lilikuwa limefunguliwa na vilivyokuwamo viko chini vumbini: rozari, na kipande cha sabuni. Watu walikuwa wamejaa. Wengine hawakujua hata kilichoibwa, ila walitikisa vichwa.

"Suzana! Umemfungua mama yangu kanga?"

"Nimefungua fundo tu, dada Lidwina, na usinipigie kelele mbele ya wageni." Suzana alikuwa ameshika kiuno. "Kila wiki nakuta vyungu vimenyofolewa. Nimesema leo lazima nimjue mwizi, na nimemjua."

"Mwizi? Huyu aliyekuwa anakufuta kamasi?"

"Angekuja akaomba. Kuna ubaya gani kuomba?"

Hapo Lidwina alimsogelea hatua moja. Kwa sababu Suzana alijua. Angekuwa mgeni kutoka Mbeya au Dar es Salaam, ungesema hajui mila za watu. Huyu alijua, na alisema neno lile waziwazi huku akimtazama usoni.

Mfanyabiashara mmoja wa korosho kutoka Tunduru, Abdulswamadu, aliyekuwa amelala pale gesti, alitoka na kikombe cha chai mkononi. "Astaghfirullah, mama," alimwambia Suzana. "Kwa ua? Mwache bibi wa watu aende."

"Leo ua, kesho shuka, mzee wangu. Biashara haiendeshwi hivyo."

"Huo ushanga umetoka wapi?" Lidwina alifoka. "Hivi vyungu umevijaza kwa mbegu ya nani? Ya mama! Ulikata kwetu!"

"Nilikata lini?"

"Ulikata!"

"Aliniona nani? Mama yako alinipa? Alinipa mbele ya nani? Mlete."

Lidwina aligeuka akamtazama Walburga. Walburga akatazama barabarani. Aliwatazama wanawake wengine waliokuwa wamebeba vikapu vya sokoni, na kila mmoja alikuwa na kopo la ushanga nyumbani kwake, na kila mmoja aligundua kwamba kikapu chake kinahitaji kupangwa upya. Sheria ile nzuri ya mama zao ilikuwa na tundu, na Suzana alikuwa amelipata. Kitu kinachochukuliwa kimya huku mwenyewe amegeuka hakina shahidi.

Akaitwa balozi wa nyumba kumi, mzee Tadei, mtu wa amani kupita kiasi. Amani yake kwa sehemu kubwa ilitokana na benchi la nyuma ya gesti, ambako ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulimfikia bila yeye kuuita. Alisikiliza huku, akasikiliza kule, akajikuna kidevu.

"Chungu ni cha nani?" aliuliza.

"Changu," alisema Suzana.

"Kipande kilikutwa kwa nani?"

Kipande kilikuwa bado kiko juu, mkononi mwa Bibi Kunegunda.

"Basi jamani tusikuze mambo. Bibi aombe radhi, yaishe."

"Haombi!" alisema Lidwina. "Labda mnikate ulimi kwanza!"

Lakini mama yake alikwisha kushusha mkono. "Nisamehe, mwanangu," alimwambia Suzana. Akaweka kile kipande juu ya ukingo wa chungu, akainama taratibu kuokota rozari yake, na Suzana hakuinama kumsaidia.

Njiani Lidwina aliongea peke yake mpaka nyumbani. Alimtukana Suzana, akamtukana balozi, akamtukana na huyo aliyeleta malori mjini. Walipoingia ndani akamgeukia mama yake.

"Sasa umeomba msamaha wa nini, mama? Wa nini?"

"Nilichoka kusimama," alisema Bibi Kunegunda.

Jumapili haikumkuta kanisani. Jumatano, siku ambayo kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeanzisha rozari ya wanawake, walikuja kumgongea, naye akajibu kutoka kitandani kwamba mwizi hashiki rozari mbele za watu. Akasema jina lake limechafuliwa getini mbele ya mtaa, na halitasafishwa chumbani na binti yake. Chakula alikigusa, hakukila. Alikuwa mama wa miaka zaidi ya sabini ambaye alitembea kwenda misa kila asubuhi, baridi au mvua. Sasa alilala ameelekea ukutani, na Lidwina aliona jinsi mabega yalivyoanza kumwisha. Akajua kwamba mama yake asipotoka chumbani kwa miguu yake, watu watamtoa kwa jeneza.

Basi akavaa viatu akaenda nyumba kwa nyumba.

"Wewe Emerensiana, ushanga huo dirishani ulikata wapi?"

Emerensiana alikuwa anasukuma unga wa maandazi. "Dada, unajua hayo hayasemwi."

"Nayasema mimi. Ulikata kwa mama?"

"Nikisema, wangu utaoza."

"Uoze! Mama yangu anaoza kitandani!"

Emerensiana alisukuma unga bila kuinua uso. Kila asubuhi sinia lake la maandazi lilikwenda gesti kwa Suzana, na sinia la maandazi halina uhuru mkubwa. Walburga naye alikuwa anafua mashuka ya hapo hapo. Yule wa kona alikuwa ameahidiwa ukumbi kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe. Lidwina aliwajua wote, aliwashonea wote, na jioni ile aliwachukia wote kwa zamu. Hasira juu ya Suzana ilikuwa moto wa kuni. Hii nyingine ilikuwa moto wa pumba, hauonekani, unaunguza chini kwa chini.

Jumapili iliyofuata, zamu ya kukutana kwa jumuiya ndogondogo iliangukia kwa Suzana. Haikupangwa na mtu, zamu zilikuwa zinazunguka tangu Kwaresima. Alasiri wanawake wakaketi uani kwenye viti vipya vya plastiki, kreti za soda zimepangwa ukutani, vyungu vyeupe vimewazunguka. Lidwina alikuja wa mwisho. Alikaa mbele kabisa, kanga ameikaza kifuani kama mtu anayekwenda kubeba zege.

Waliimba, wakasoma, katekista akafafanua kwa ufupi kwa sababu naye aliziona soda. Ukafika wakati wa maombi ya waumini. Mmoja akawaombea wagonjwa, mwingine akaomba mahindi yapate soko. Kila ombi liliitikiwa kwa utaratibu.

Lidwina akasimama.

"Tuwaombee wezi wote wa ushanga wa mtaa huu," alisema kwa sauti ya juu. "Kwa kuwa sasa tumeambiwa kukata ni wizi, Bwana awasamehe wote, asimwache hata mmoja. Nianze na mimi. Niliolewa nikakata kwa mama yangu mzazi bila kumwomba, nikapeleka Madaba, ukaota. Mimi ni mwizi. Ee Bwana."

Hakuna aliyeitika. Katekista alikohoa.

"Nimesema, ee Bwana!"

"Twakuomba utusikie," zikajibu sauti mbili tatu, za chini.

"Na tumwombee Bibi Kunegunda, ambaye mmekata kwake miaka yote hii naye amegeuka, amegeuka, amegeuka, mpaka shingo imezeeka. Juzi alihitaji mtu mmoja tu asigeuke. Ee Bwana."

Safari hii hawakuitika kabisa. Lidwina alibaki amesimama, machozi ya hasira yanamtoka na hayafuti. Alifikiri ameshindwa. Alikuwa anatafuta kiatu chake aondoke alipomsikia Walburga nyuma yake.

"Na mimi," Walburga alisema. "Mwaka ule tulipojenga. Nilikata kwa Bibi, kopo la mwanzo kutoka mlangoni. Alikuwa anaanika mahindi, akanipa mgongo. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

Emerensiana hakusimama, aliongea amekaa, anaitazama mikono yake. "Na mimi. Mara mbili. Wa kwanza ulinifia kwa maji mengi. Na wangu uoze tu, potelea mbali. Ee Bwana."

Halafu wakafuatana. Akasema wa kona, yule wa kipaimara. Akasema mke wa balozi Tadei, mama mnene mpole ambaye hakuwahi kuomba kwa sauti, akasema alikata usiku wa mkesha wa Krismasi na Bibi Kunegunda akazima taa ili asimwone. Wengine walicheka, wengine walilia, na kila mmoja alijua kopo lake linamsikia. Maitikio yakapanda mpaka wageni wa gesti wakatoka vyumbani.

Walipokwisha wote, akabaki mmoja. Hakuna aliyemtaja. Waligeuza viti kidogo tu, wakamtazama.

Suzana alikuwa amesimama karibu na kreti, kifungulio mkononi. "Soda zitapata moto," alisema mwisho. "Karibuni soda."

Wanawake wakakaza kanga zao, wakasimama, wakaondoka. Soda zikabaki na vizibo vyake.

Habari ilimfikia Bibi Kunegunda kabla ya binti yake, kwa sababu Walburga ana miguu. Lidwina alimkuta mama yake ameketi kitandani, anasuka nywele zake mwenyewe, chache zilizobaki. Aliomba uji.

Asubuhi Suzana akaja. Alikuja na chungu kizima cha saruji kichwani, kwa miguu, mtaa wote unatazama. Alikitua barazani akihema. Ushanga wake ulikuwa umeiva kwa baridi, mwekundu nchani, mzuri wa kutia uchungu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Nimekuletea hiki. Chukua na chungu chake. Nina vingine."

Lidwina aliinuka kwenye cherehani, mama yake akamzuia kwa kiganja.

"Huu ushanga ni wangu, Suzana?" aliuliza Bibi Kunegunda.

"Ni wako. Nimekupa."

"Nimekuuliza, ni wangu?"

Suzana alitazama barabarani, akawaona Walburga na Emerensiana wamesimama wanasikiliza. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, dogo, halina hata uzito wa kopo. Lingemtosha. "Pokea tu, Bibi," alisema. "Yaishe."

Bibi Kunegunda alisimama. Alikunja magoti kidogo kama mtu anavyopokea kwa mkubwa wake, akakigusa kile chungu kwa mikono yote miwili.

"Asante," alisema. "Asante sana, mwanangu. Asante kwa ushanga."

Walburga aliziba mdomo. Uso wa Suzana ulipauka kama amemwagiwa maji. Hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyewahi kusikia neno hilo likitamkwa juu ya ushanga, na huyu ameambiwa mara tatu, kwa heshima, mbele ya watu. Hakukuwa na mahali pa kushtaki. Balozi gani atamhukumu mtu kwa kushukuru? Suzana aligeuka akaenda zake, na kile chungu kilikaa pale pale alipokitua, hakuna aliyekigusa tena.

Jua lilipopanda, Bibi Kunegunda akafunga kanga yake ya kanisani, akatoka. Lidwina alimfuata nyuma kwa hatua kadhaa, maana aliogopa ataanguka. Hakuanguka. Alipita kwa Walburga, na Walburga akakumbuka ghafla kuku wake nyuma ya nyumba. Bibi akakata kwa ukucha, akafunga pindoni. Alipita kwa Emerensiana, na Emerensiana akageukia mafuta ya maandazi yaliyokuwa hata hayajachemka. Akakata. Kila nyumba aliyopita migongo iligeuka, na mke wa balozi alipogeuka alimgeuza na mumewe kwa bega. Fundo la kanga likanenepa. Lidwina alitembea nyuma ya mama yake akitaka kupiga kelele, asijue kama ni za furaha au bado ni za hasira, kwa sababu hasira haikuwa imeisha na hakutaka iishe mapema.

Nyumba ya mwisho kabla ya kanisa ni ya bluu. Suzana alikuwa getini anafagia. Aliwaona wanakuja. Akasimama, akaegemeza fagio ukutani, halafu taratibu akageuka, akawapa mgongo, akajifanya anatafuta kitu chini. Alisubiri hivyo, ameinamisha shingo, vyungu vyake viwili vya kwanza viko wazi upande wa barabara, ushanga umening'inia kimo cha mkono wa bibi.

Bibi Kunegunda alifika usawa wa chungu cha kwanza. Akatazama ushanga wake mwenyewe, uliokatwa na mwingine, ulioota kwa mwingine. Akakifikia chungu cha pili.

Suzana alisikia kandambili zinapita, hazikusimama, zikaendelea kuelekea kanisani. Akabaki pale ameinama, anatafuta kitu ambacho hakijadondoka.